Daftari la Kumuuguza Mama

Ndugu msomaji, huenda na wewe umewahi kumuuguza mtu ambaye hatapona. Kama bado, huenda siku hiyo itakuja, maana mambo haya hayachagui nyumba. Nataka kukueleza jinsi nilivyomuuguza mama yangu hapa Mbalizi, na jinsi nilivyojifunza kumtambua muuguzi mzuri. Nilijifunza kwa gharama. Sehemu ya gharama hiyo aliilipa mama.

Mama alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Wengine huiita kansa. Alianza kutokwa na damu wakati hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mingi. Aliona aibu, akanyamaza. Aliponiambia, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Daktari alitutuma Dar es Salaam, katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, akapigwe mionzi. Tulikwenda kwa basi, safari ya kutwa nzima. Mionzi ilisaidia. Damu ilikatika, mama akarudi nyumbani, akapanda hata maharage. Lakini miezi michache baadaye maumivu yalirudi, sasa kiunoni na miguuni. Daktari alituambia wazi kwamba hakuna tena dawa ya kuuondoa ugonjwa huo. Mama alisema, "Basi nirudisheni nyumbani. Nataka kuuona mlima wangu asubuhi." Kutoka uani kwetu Mlima Mbeya unaonekana vizuri.

Ndipo swali likaja. Nani atamtibu mtu ambaye hatapona?

Iko huduma ya watu kama hao. Inaitwa tiba shufaa. Kazi yake ni kuondoa maumivu, kutunza vidonda, kumtuliza mgonjwa na kuwasaidia wanaomuuguza. Nyumba au kikundi kinachofanya kazi hiyo huitwa hospisi. Bibi mmoja wa Uingereza, Cicely Saunders, ambaye alikuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua hospisi yake London mwaka 1967. Nairobi walianza mwaka 1990. Uganda ilianza mwaka 1993, kwa kazi ya Daktari Anne Merriman. Hapa kwetu hospitali ya Selian, Arusha, huwafuata wagonjwa majumbani. Na sisi wa Mbeya tunakijua kikundi cha KIHUMBE, ambacho kilianza kuhudumia watu majumbani miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza vijana wetu. Kwa hiyo si jambo geni. Ila sisi hatukujua jinsi ya kulipima.

Kwanza alikuja mtu wa zahanati moja ya kulipia. Zahanati hiyo sitaitaja. Alikuja na gari. Alivaa koti jeupe. Alipigilia msumari ukutani, akatundika chupa ya dripu, akasema mama anahitaji nguvu. Kaka yangu mkubwa alifurahi sana. Aliona chupa, aliona mpira, aliona maji yakidondoka. Tulilipa. Baada ya siku chache akaja tena, tukalipa tena. Miguu ya mama ikaanza kuvimba. Yule bwana hakumuuliza mama swali hata moja. Alizungumza na kaka, tena mlangoni.

Wa pili alikuwa muuguzi wa tiba shufaa. Alishuka kwenye bajaji barabarani, akapanda kilima kwa miguu akiwa na mkoba. Hakuwa na dripu. Kaka akaninong'oneza, "Huyu hana kitu." Muuguzi akavuta kigoda, akakaa chini kuliko kitanda cha mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, maumivu yako wapi?"

"Nimezoea."

"Sikuulizi kama umezoea, mama. Nakuuliza yako wapi."

Mama akamwonyesha. Alimwonyesha kiuno, paja na mahali pengine ambapo mimi binti yake nilikuwa sijaambiwa. Kisha muuguzi akamfundisha kuhesabu maumivu kwa mkono. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Akamuuliza, "Leo ni vingapi?" Mama akainua vitano. Halafu akainua na mkono wa pili.

Muuguzi akanigeukia mimi. "Unajua kuandika?"

Nilikuwa nimemaliza kisomo mwaka uliotangulia. Nikamjibu, "Kidogo."

"Kidogo kinatosha. Nunua daftari."

Nikanunua daftari dogo sokoni Mbalizi. Nikapiga mistari kama tulivyofundishwa darasani. Tarehe. Saa. Vidole. Dawa. Nani amekuja. Herufi zangu zilikuwa kubwa, ukurasa mmoja ulitosha siku mbili tu. Usicheke. Na wewe ulianza hivyo.

Daktari aliandika morfini ya maji. Ni dawa chungu, hunywewa kwa kipimo. Dawa hiyo husimamiwa na sheria. Hapa Tanzania daktari ndiye huiandika, na kila chupa huhesabiwa. (Uganda, tangu mwaka 2004, hata muuguzi aliyesomea kazi hii anaruhusiwa kuiandika.) Mama alipaswa kuinywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kipimo mara mbili ili apate kulala hadi asubuhi. Muuguzi alinieleza tusingoje maumivu yarudi. Dawa itangulie, maumivu yaikute. Alisema pia kwamba morfini hufunga choo, na kweli alileta dawa ya kulainisha. Kwa harufu ya usaha alisaga vidonge vya metronidazo, akanionyesha jinsi ya kunyunyiza unga wake mahali penye kidonda. Baada ya siku chache majirani waliweza kuingia chumbani bila kushika pua. Mama alilitambua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Alianza kuomba achanwe nywele.

Sasa nitakueleza kosa langu.

Siku mbili za mwanzo mama alilala sana. Muuguzi alikuwa ametuambia kwamba usingizi huo utapungua. Lakini nilikutana na jirani bombani, akaniambia, "Hiyo ndiyo dawa ya kuulia. Wakiona mtu haponi, wanampa hiyo." Mwingine akasema ni dawa ya kulevya, mama atakufa akiwa mlevi. Niliogopa. Sikumwambia mtu. Nikaanza kumpa mama nusu ya kipimo, na ile ya usiku nikawa siitoi kabisa. Katika daftari niliendelea kuandika kwamba amekunywa dawa yote. Vidole niliandika kweli. Vinne. Vitano. Vinne. Vitano. Usiku mama alikuwa anauma shuka ili asituamshe.

Siku ya nne muuguzi alikuja. Alisoma daftari polepole. Akachukua chupa, akaiinua penye mwanga wa dirisha, akaitazama. Akasema, "Chupa imejaa kuliko daftari linavyosema."

Sikuwa na la kujibu. Hakunigombeza. Aliniuliza nimesikia nini, na kwa nani. Nikamweleza yote, mama akisikia. Akatueleza sisi sote kwamba morfini ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimuui mgonjwa. Mtu anayeinywa kwa ajili ya maumivu makali hawi mlevi. Tena mtu aliyekosa usingizi kwa maumivu ya wiki nyingi, akipata nafuu, hulala kwanza. Mwili unalipa deni. Mama alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni wewe, mwanangu."

Hakusema zaidi. Usiku ule nilimpa kipimo kamili, nikaandika. Saa 12 asubuhi nikamuuliza. Akainua vidole viwili. Baada ya siku mbili nyingine kilikuwa kidole kimoja, naye alikuwa macho, anauliza habari za kuku.

Wakati huo kaka alikuwa amepata mnunuzi wa shamba letu la bondeni. Yule bwana wa dripu alikuwa amesema anaweza kuja kila siku kama tutalipa kwa mwezi. Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anampenda mama, naye aliona mtoto wa kiume asiyetoa fedha hatoi kitu. Majirani nao wangesema, "Wamemwacha mama yao afe bila hata dripu." Ndugu msomaji, ungefanyaje?

Nilimkalisha jikoni, nikamsomea daftari. Siku ya dripu ya kwanza, kabla vidole vitano, baada ya hapo vitano. Dripu ya pili, vitano, na miguu imevimba. Bei yake niliiandika pembeni. Kisha siku za morfini. Kisha, ilinibidi, zile siku zangu nne za nusu kipimo, na ule ukweli nilioongeza baadaye kwa kalamu nyekundu. Kaka alinyamaza. Halafu akasema, "Soma tena ile ya Ijumaa." Nikasoma tena. Shamba halikuuzwa.

Muuguzi ndiye aliyempa kaka kazi. Ilikuwa Juni, na unajua baridi yetu. Alimwambia, "Wewe una mikono yenye nguvu. Kila asubuhi jua likitoka, mbebe mama umweke uani." Kaka akawa anambeba kila siku. Mama alikuwa mwepesi kama mtoto. Wakikaa pale wanazungumza, na mambo mengi ya nyumba yetu yalisemwa pale uani, hata ya mipaka ya shamba na ya madeni.

Baadaye muuguzi alinieleza kwamba wenyewe wana maswali ya kupimia kazi yao. Kipo Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, kilichozinduliwa Arusha mwaka 2004. Chama hicho kilitengeneza maswali kumi. Saba anaulizwa mgonjwa, matatu anaulizwa anayemuuguza. Hesabu yake ni ya sifuri hadi tano, ndiyo maana mkono unatosha. Swali la kwanza ni maumivu ya siku tatu zilizopita. Yako maswali juu ya wasiwasi wa mgonjwa, kama ameweza kusema yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani. Mimi niliulizwa kama familia inapewa habari za kutosha, kama nina uhakika katika kumuuguza mama, na kama nina wasiwasi. Sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu wa afya kama nina wasiwasi. Nililia kabla sijajibu.

Usidhani muuguzi huyo hakukosea. Safari moja alisema atakuja Jumatatu, akaja baada ya siku tisa, na dawa ilikuwa imebaki ya siku moja. Alikuwa amenipigia simu kusema usafiri umekosekana, lakini simu haimnyweshi mgonjwa dawa. Nikaandika, "Hakuja siku tisa." Nilifikiri nimfiche ukurasa ule. Kisha nikamwonyesha. Aliusoma, akaomba kalamu, akaandika chini yake, "Ni kweli." Tangu siku hiyo alituachia dawa ya siku zaidi, na namba ya mwenzake. Usiku mmoja mama alishindwa kupumua vizuri. Saa 8 usiku nikapiga simu. Ilipokelewa. Aliniambia nimwinue mama kwa mito, nifungue dirisha, nimshike mkono, nisiondoke. Alibaki kwenye simu mpaka pumzi ikatulia. Jambo hilo nililiandika pia, ingawa sikujua niliweke katika mstari upi.

Siku za mwisho mama aliacha kula. Shangazi alitaka tumlazimishe uji. Muuguzi alikuwa ametueleza mapema kwamba mwili unaofunga safari hauombi chakula. Alisema tumlowanishe midomo kwa kitambaa safi. Kwa kuwa tulijua, hatukugombana.

Baada ya mazishi, wakati wageni wamekwisha kuondoka, muuguzi alirudi. Sikumtegemea, maana mgonjwa hakuwapo tena. Alitoa pole. Akachukua chupa ya morfini, akapima iliyobaki, akaandika kiasi kwenye karatasi yake, tukatia sahihi sote wawili. Mimi niliandika jina langu lote. Akaniuliza ninalala vipi, ninakula nini, na kama lile neno la mama bado linaniuma. Alikuwa hajalisahau. Nikamwambia linaniuma. Tukakaa.

Kisha akaomba kulitazama daftari kwa mara ya mwisho. Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja tu: Alhamisi, saa 11 alfajiri, ngumi. Nilikuwa nimemuuliza mama kama kawaida, naye akafunga mkono wake, akaufunga vizuri ili nione. Muuguzi aliomba alichukue daftari akawaonyeshe wenzake. Nilimkatalia. Lakini nilimnakilia kurasa nne alizozitaka, nikazimaliza kwa jioni mbili. Daftari lenyewe limo kwenye sanduku la mama, chini ya kitenge chake.