Nani Aigize Mshamba?

Ndugu msomaji, liko jambo lililotokea nyumbani kwetu Dimani, huko Kibiti, ambalo kwa miaka mingi nililihesabu kuwa mchezo wa watoto tu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mjomba wangu alikuwa ameuza korosho zake, akafunga safari kwenda Dar es Salaam kununua mabati. Huko Kariakoo alikutana na kijana mtanashati aliyejifanya karani wa duka. Kijana akapokea fedha, akaingia kwa mlango wa mbele ati kwenda kuandika risiti, akatokea kwa mlango wa nyuma. Mjomba alisubiri hadi jua likachwa. Alirudi Dimani mikono mitupu, na nyumba yake ikaendelea kuezekwa kwa makuti.

Sisi watoto tukaligeuza tukio hilo kuwa kichekesho. Usiku wa mbalamwezi tuliigiza uani, na wakubwa wakatuzunguka. Mimi niliyekuwa na maneno mengi nilipewa nafasi ya tapeli. Nafasi ya mjomba alipewa siku zote mwanawe, kwa kuwa, tulisema, wamefanana. Watu walicheka hata wakatokwa na machozi. Hakuna aliyemwuliza yule mtoto kama naye alikuwa akicheka.

Nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari ndipo nilipopata habari za filamu ya Muhogo Mchungu, nikashtuka. Filamu hiyo ya mwaka 1952 ni miongoni mwa zile zilizotengenezwa kwa Kiswahili wakati serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipoishirikisha kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg. Ni kichekesho cha mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukumbana na walimwengu. Lakini aliyemwigiza mshamba huyo hakuwa mshamba hata kidogo. Alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea mwaka 1926, aliyesoma Tabora na kuajiriwa serikalini katika kazi za ustawi wa jamii. Haikupita miaka mingi akawa kiongozi wa wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Hebu tujiulize: ingekuwaje kama nafasi ile angepewa mwingine? Si swali la upuuzi. Katika filamu ya The Pink Panther ya mwaka 1963, mwigizaji Peter Ustinov alijitoa, na nafasi ya mpelelezi Clouseau ikachukuliwa na Peter Sellers. Mabadiliko hayo ya mtu mmoja yalizaa mfululizo mzima wa filamu, na Clouseau akawa maarufu duniani kote.

Tuseme basi watengenezaji wangemchukua mkulima halisi kutoka shambani, wakamwacha ashangae mbele ya kamera. Kicheko kingepatikana, lakini kingekuwa kicheko cha kumcheka mtu, si cha kuchekea mchezo. Wakoloni wangetikisa vichwa na kusema ndivyo walivyo. Au tuseme nafasi hiyo ingemsubiri marehemu King Majuto wa Tanga, aliyetuaga mwaka 2018. Yeye, nadhani, angeugeuza ushamba wenyewe kuwa ujanja, na tapeli wa mjini ndiye angerudi kwao analia. Kwa Kawawa, mambo ni tofauti. Kila anayemfahamu huona kwamba ushamba ni vazi tu, ambalo mtu mwerevu aweza kulivaa asubuhi na kulivua jioni.

Msomaji waweza kunipinga, ukasema kwamba msomi kuigiza ujinga wa wenzake ni dhihaka nyingine. Hoja hiyo ina uzito, nami nisingekuwa na jibu kama si usiku mmoja wa Idi pale pale Dimani.

Usiku huo binamu yangu alikataa kucheza. Tukamsihi, tukamzomea, akakataa. Ndipo mjomba, aliyekuwa amekaa kimya mkekani, akainuka. "Leo tapeli ni mimi," akasema. Kisha akanigeukia: "Na wewe, mpwa wangu, uwe mimi."

Nilimkabidhi majani ya mkorosho yaliyokuwa fedha zetu, naye akazunguka nyuma ya nyumba. Katika michezo yetu yote, pale ndipo tulipomalizia. Safari hii hakuna aliyemaliza. Nilisimama. Watu walicheka, kisha wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Sikujua niitazame wapi mikono yangu. Hatimaye mjomba akarudi, akanitia yale majani kiganjani, akasema taratibu: "Sasa umeujua urefu wa siku ile."

Hatukuucheza mchezo ule tena.

Idi iliyopita nilimwomba binamu yangu radhi, nikiwa nimechelewa kwa zaidi ya miaka ishirini. Alinijibu kwamba hakuogopa kuchekwa. Lililomuumiza ni kujua kwamba baba yake, aliyekuwa ndani ya nyumba, alikuwa akisikia kila neno.

Ndugu msomaji, sisi wa Dimani twajua kwamba muhogo mchungu hauliwi mbichi. Huvundikwa, ukaanikwa, ukatwangwa, ndipo ukawa chakula. Na kichekesho juu ya msiba wa mtu ni vivyo hivyo. Siwaombi wazazi wawakataze watoto kuigiza, kwani utani ni mali yetu. Nawaomba jambo moja tu: mtakapoona mtoto yule yule anapewa nafasi ya mjinga kila siku, badilisheni nafasi. Yule mwenye maneno mengi naye asimame, asubiri.