Sefu la Babu

Babu alipofariki mwaka 2011 aliacha nyumba moja Ilala, baiskeli, na sefu ambalo hakuna mtu aliyejua namba zake. Hati ya nyumba ilikuwa humo humo. Na tayari kuna jamaa alishajitokeza na karatasi, eti Babu alimuuzia. Bila hati tungemjibu nini?

Lile sefu si mchezo. Babu alilinunua mnadani, vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, na kulishusha ilibidi watu sita. Mjomba mkubwa akaita fundi wa gesi. Fundi akaligongagonga, akasema, "Kukata nakata. Ila karatasi za ndani zikiungua msinidai." Mjomba akanywea. Nikaomba nipewe usiku mmoja.

Jeuri hiyo niliitoa kwenye kitabu cha kuazima, cha Richard Feynman, cha mwaka 1985. Huyu bwana alikuwa mwanafizikia kule Los Alamos, Marekani, wakati wanaunda bomu la atomiki, na mchezo wake ulikuwa kufungua masefu ya wenzake. Ndani ya kitasa cha namba mna sahani tatu, kila moja ina mkato. Mikato ikikaa mstari mmoja, chuma kinadondokea humo na mlango unaachia. Feynman aligundua kwamba hata ukikosea namba mbili huku au huku, kitasa kinakubali. Kwa hiyo kwenye duara la namba 100 unajaribu 20 tu kwa kila sahani. Ishirini mara tatu hivyo: 8,000. Usiku mmoja? Thubutu! Lakini anasema pia kwamba watu hupenda kutumia tarehe.

Balaa likaanza hapo. Mjomba mkubwa akataka ya kwake itangulie, ndiye kifungua mimba. Wapi. Mjomba mdogo, wapi. Marehemu Bibi, wapi. Tukajaribu mpaka siku ya Uhuru. Kila mtu aliyekosa alitoka nje kuvuta hewa, kama vile kafeli mtihani.

Mama alikuwa amekaa tu mlangoni. Yeye na Babu walikaa miaka tisa bila kusemeshana, tangu alipoolewa na baba yangu bila ridhaa. Wajomba walipotoka ndipo akasogea.

"Jaribu na yangu."

Haikufungua.

"Labda umepitiliza, mwanangu. Rudia."

Nilirudia mara tatu. Nikatanguliza mwezi, nikatanguliza mwaka. Mama akasema amechoka, akaenda kulala.

Mnamo saa nane usiku ndipo nikakumbuka sehemu niliyoisoma harakaharaka. Masefu yalitoka kiwandani na namba za kuanzia, 25-0-25 au 50-25-50, na wenyewe hawakujisumbua kuzibadili. Feynman alipozunguka maofisini na namba hizo, karibu sefu moja kati ya matano lilifunguka. Ya kwanza ikagoma. Ya pili, nikasikia chuma kimedondoka.

Miaka yote ile Babu alitumia namba za kiwandani! Si za mke, si za mtoto.

Hati ilikuwepo, chini ya madaftari. Asubuhi wajomba waliigombania kuisoma, hakuna aliyeniuliza kitu. Ni Mama tu, akinimiminia chai.

"Limefunguka kwa tarehe ya nani?"

"Yako."

Akageuka kutafuta sukari kabatini. Sukari ilikuwa mezani.