Barua kutoka Frankfurt: Familia iliyokimbilia Rongai



Leo sitawaandikia habari za kodi ya nyumba wala za vibali. Nataka niwasimulie kuhusu familia moja iliyopita njia hii yetu kinyume. Ilitoka Ujerumani ikaja kwetu Kenya, bila kupenda, na kama isingekuja asingebaki mtu wa kusimulia.

Mjerumani mwenye umri wake akisikia natoka upande wa Nakuru, mara nyingi huniuliza kama naijua Rongai. Ni ile Rongai iliyo magharibi ya mji wa Nakuru, si ile ya Kajiado ya matatu za kelele. Anaijua kwa sababu ya kitabu. Mwaka 1995 mwandishi wa habari wa hapa Frankfurt, Stefanie Zweig, alitoa riwaya inayoitwa Nirgendwo in Afrika, iliyojengwa juu ya maisha ya familia yake nchini Kenya. Ilisomwa sana, kisha Caroline Link akaitengenezea filamu, na mwaka 2003 filamu hiyo ikatwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Mpishi wa familia, Owuor, aliigizwa na Sidede Onyulo, Mkenya mwenzetu, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyeibeba filamu ile mabegani.

Stefanie alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Leobschütz, ambao leo uko Poland. Baba yake, Walter, alikuwa wakili. Wanazi walipokamata madaraka mwaka uliofuata, walianza papo hapo kuwabana mawakili na mahakimu Wayahudi, wakaendelea kuwabana mwaka hadi mwaka, na kufikia mwisho wa 1938 mawakili Wayahudi wote waliosalia walikuwa wamefutiwa leseni. Kutoka nako kulikuwa na bei. Mwenye mali alikatwa robo nzima kama kodi ya kukimbia nchi, na mfukoni aliruhusiwa kuvuka mpaka na mark 10 tu. Halafu, aende wapi? Mwezi Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi hao. Karibu kila mmoja alisimama akaeleza masikitiko yake, kisha akaeleza kwa nini nchi yake haina nafasi.

Kenya ilikuwa mlango mdogo uliobaki wazi kidogo. Serikali ya kikoloni ilitaka mgeni awe na fedha au mdhamini, na walowezi wengi hawakufurahia kuona Wayahudi wakija, lakini mamia walifaulu kuingia. Jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi, iliyokuwa na sinagogi lake tangu kabla ya Vita vya Kwanza, ilisaidia wengi. Walter alitangulia. Mkewe na binti yao wa miaka mitano wakamfuata katikati ya 1938, miezi michache tu kabla ya ule usiku wa Novemba ambapo masinagogi yaliteketezwa Ujerumani nzima.

Hapo ndipo kitabu kinaponishika. Wakili, mtu aliyesomea sheria akasimama mbele ya mahakimu, anapewa kazi ya kusimamia shamba la mlowezi. Hajui ng'ombe, hajui mahindi, hajui mvua inakuja lini. Malaria inamlaza, na mtu anayemkalisha kitandani na kumnywesha ni mpishi Mjaluo ambaye bado hajaweza hata kuzungumza naye vizuri. Mke amepata barua ya mume wake kabla ya kusafiri ikimwomba alete jokofu. Anafika na gauni la dansi. Wasomaji wengi humcheka au humkasirikia mama huyu. Mimi nimeishi ughaibuni vya kutosha nikamwelewa. Mtu anayehama anafungasha vitu vya maisha anayoyajua, na huwezi kumlaumu kwa kutofungasha vitu vya maisha ambayo hajawahi kuyaona.

Walter naye alileta joho lake la uwakili. Alipokubali kwamba hatalivaa tena katika nchi ile, alimpa Owuor. Owuor akalivaa. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara hunigusa, kwa sababu namna mpishi anavyolipokea ina heshima kuliko namna dola zima la Ujerumani lilivyomvua mwenyewe.

Septemba 1939 Uingereza ikatangaza vita, na serikali ya Kenya ikaanza kuwakamata Wajerumani. Haikubagua: Mnazi na Myahudi aliyemkimbia Mnazi wote walikuwa raia wa adui. Wanaume walipelekwa kambini. Wanawake na watoto, kwa kukosa pa kuwaweka, wakapelekwa katika hoteli za Norfolk na New Stanley mjini Nairobi. Kwa hiyo mama aliyekuwa akipikia kuni Rongai akajikuta akihudumiwa na waiteri kama mtalii, chini ya ulinzi. Norfolk yenyewe ilikuwa mali ya Abraham Block, Myahudi aliyefika Kenya mwaka 1903, akaanza na mikono mitupu.

Baada ya kuachiliwa, familia ya kitabuni inahamia Ol Joro Orok, kule Nyandarua kwenye baridi. Owuor anawafuata kwa miguu na mbwa wao.

Sasa niseme jambo ambalo wasomaji wa Kijerumani mara nyingi hulipita haraka. Novemba 1941 serikali ya Hitler ilipitisha amri iliyowavua uraia Wayahudi wote wa Kijerumani waliokuwa wakiishi nje. Tangu siku hiyo Walter hakuwa raia wa nchi yoyote duniani. Mkosa kwao ni mtumwa, na ndivyo alivyokuwa kwa karatasi. Lakini katika jiko la nyumba yake alisimama mtu mwingine ambaye karatasi pia zilimfunga. Mwafrika mwanamume katika Kenya ya wakati ule alitakiwa kutembea na kipande, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni, kikionyesha ni nani, ameajiriwa na nani na analipwa nini. Bila hicho alikamatwa. Na wakulima wa Kikuyu waliokuwa wakiishi kwenye mashamba yale kama maskwota walikuwa wakibanwa na sheria ya 1937 iliyowawezesha walowezi kuwaongezea siku za kazi na kuwapunguzia mifugo.

Nisiwasawazishe watu hawa, maana hawakuwa sawa. Mkimbizi asiye na nchi alikuwa bado mzungu, akiitwa bwana, akisimamia watu kwenye ardhi ambayo wao hawakuruhusiwa kuimiliki. Mtu mzima aliyempikia aliitwa boi. Hata hivyo, nikisoma naona kwamba katika Kenya yote ya wakati ule, waliompokea mtu huyu kama mtu walikuwa wale wenye kidogo kabisa. Mwingereza alimfungia kambini. Walowezi walimwona mgeni asiyefaa. Aliyemfundisha jinsi ya kuishi, nini kinaliwa, nani asalimiwe vipi, usiku usikilize nini, ni mpishi na watu wa shambani. Hilo ni deni, na wanaodaiwa walilijua. Stefanie Zweig alililipa kwa kalamu yake.

Mtoto alizoea haraka kuliko wote, kama kawaida. Kitabuni anakaa na Owuor jikoni, anashika Kiswahili, anaokota Kijaluo na Kikuyu, anakimbia peku. Kisha anapelekwa bweni Nakuru kwenye shule ya Waingereza, ambako Kiingereza kinakuwa lugha yake. Sisi wenye watoto huku tunalijua jambo hili kwa machungu. Mtoto anakuwa mkalimani wa nyumba. Anajua kumjibu mwalimu, anajua kusoma barua ya bima, na mzazi anamtazama akienda mbali huku wamekaa sofa moja.

Barua kutoka Ujerumani zilizidi kuwa fupi. Vita vilipofunga njia za posta, zilibaki zile za Msalaba Mwekundu, maneno 25 tu, yaliyochukua miezi kufika. Hebu jaribuni, ndugu zangu: mwandikieni mama yenu maneno 25, mkijua askari atayasoma kabla yake. Familia ile ilipoteza karibu ndugu wote waliobaki huko. Ndiyo maana siwezi kuiita safari yao uhamiaji kama huu wetu. Mimi niliondoka Nakuru na tiketi ya kurudi. Mama alinisindikiza uwanjani na nilimpigia simu nilipotua. Wauguzi wetu wanaokuja Ujerumani sasa wanaweza kurudi Krismasi, hata kama wengi wanaanza kazi chini ya kiwango chao huku vyeti vyao vikichunguzwa kwa miezi. Namfahamu mwalimu wa hesabu anayepanga maboksi ghalani, na uchungu wake ni wa kweli, ila hana usiku wa kuwaza kama dada yake yu hai.

Hapa Frankfurt, penye Battonnstraße, upo ukuta wa makaburi ya kale ya Wayahudi. Ukuta huo umepachikwa vibonge vidogo vya chuma, karibu 12,000, kila kimoja na jina, tarehe, na mahali mtu alipouawa pale panapojulikana. Vimejitokeza kidogo nje ya ukuta, kiasi cha kuweka kokoto juu yake, na watu huziweka. Kimoja ni cha Anne Frank, aliyezaliwa mji huu. Ukipitisha kidole unagusa familia nzima zilizopangwa kwa alfabeti, baba, mama, watoto watatu, jina moja la ukoo. Safari yangu ya kwanza nilitembea mpaka herufi ya tatu tu nikashindwa kuendelea. Mashariki kidogo ya hapo lilikuwapo soko kuu la mboga na matunda, ambalo ghala lake la chini lilitumika kuanzia Oktoba 1941 kuwakusanya Wayahudi kabla ya kuwapakia kwenye treni. Leo Benki Kuu ya Ulaya imesimama palepale.

Ni katika mji huu ambapo Walter aliamua kuishi aliporudi Ujerumani mwaka 1947, baada ya kutumikia jeshi la Uingereza. Alipewa kazi ya uhakimu, sheria yake ikamrudia mkononi. Wayahudi wengi hawakumwelewa, na kitabuni mkewe anapinga kwa nguvu zote. Stefanie alikuwa na miaka 14, hawezi kusoma Kijerumani sawasawa, na mji ulikuwa vifusi na njaa. Kwake huko ndiko kulikuwa ugenini. Alikuja kuwa mhariri wa utamaduni wa gazeti la hapa kwa miaka mingi, akaandika vitabu vingi, akafariki hapa Aprili 2014. Aliandika kwa Kijerumani, lakini Kenya haikumtoka.

Na sasa niwaambie kilichonifanya nikae kuandika barua hii. Upande mmoja wa habari hii umehifadhiwa vizuri mno. Yapo makumbusho, zipo hati, yapo majina ukutani, na katiba ya Ujerumani, ibara ya 116, inawapa wazao wa waliovuliwa uraia haki ya kuurudisha. Upande wa pili hauna hata karatasi. Owuor tunamjua kupitia kalamu ya mtoto aliyempenda. Wapishi wengine, mayaya, wachunga ng'ombe, maskwota waliowaona wazungu wa ajabu wasio na pesa, waliolia wakisoma barua, hatuwajui hata majina. Waliwaonaje? Walisemaje jioni wakirudi vibandani? Walipoambiwa kwamba wazungu wanawaua wazungu wenzao kwa mamilioni, waliamini?

Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka 1945 sasa yuko kwenye miaka ya 90 au ameikaribia. Ninyi mlio Rongai, Njoro, Gilgil, Nyahururu na Ol Joro Orok, mnao wazee hao nyumbani. Kaeni nao wikiendi hii. Washeni simu, mrekodi. Waulizeni shamba la nani, mwaka gani, nani alipika, alilipwa nini, na kama wanakumbuka Wajerumani waliokuja bila kitu. Waacheni waseme kwa lugha yao, Kikuyu, Kijaluo au Kikalenjin, na msiwakatize. Kisha mtumieni mhariri sauti hizo. Nitakachopokea nitakitafsiri kwa Kijerumani na kukipeleka mwenyewe kwenye Makumbusho ya Wayahudi ya hapa Frankfurt, niwaombe wakiweke pamoja na kumbukumbu za waliokimbilia kwetu.