Kutaniana: Somo Kutoka kwa Marafiki Wazungumzao Kifaransa



Wengi wenu mnaojifunza Kiswahili katika nchi zetu za Maziwa Makuu mlikutana kwanza na Kifaransa, tena darasani. Kifaransa cha darasani ni cha sarufi na adabu. Hakimfundishi mtu namna marafiki wanavyoitana wakiwa peke yao. Leo nataka tukitazame Kifaransa hicho cha pili, kile cha mizaha na majina ya utani kinachosemwa huko Ufaransa, kwa kuwa kinatuangazia neno letu wenyewe, utani, na kutukumbusha jinsi ya kuishi na watu.

Tuanze na mlango. Mfaransa ana njia mbili za kumwambia mtu mmoja "wewe": husema *vous* penye heshima au umbali, na *tu* penye ukaribu. Sisi twamwambia kila mtu "wewe", na heshima tunaibeba kwa "shikamoo", "mzee" na "mama". Kwao, utani wa kirafiki kwa kawaida hupita katika mlango wa *tu*. Anayemtania mtu ambaye bado wanaambiana *vous* huonekana kama mgeni aliyeingia sebuleni bila kupiga hodi.

Ukishakaribishwa ndani, utasikia maajabu. Kijana wa miaka 20 humwita mwenzake *mon vieux*, yaani "mzee wangu". Mwembamba kama ufito huitwa *gros*, "mnene", na rafiki zake. Mama humwita binti yake *ma puce*, "kiroboto wangu", na mpenzi huitwa *mon chou*, neno ambalo ukilifasiri kisisisi hukupa kabichi. Msahaulifu huambiwa ana *tête de linotte*, kichwa cha kindege kiitwacho linotte. Majina nayo hufupishwa na silabi zake kukaririwa, kama mtoto anayeanza kusema: mchezaji kandanda Zinedine Zidane alijulikana kwa mashabiki kama Zizou, na Thierry Henry akaitwa Titi.

Hapa kuna onyo la kwanza kwako uliye mwanafunzi wa lugha. Usiyahamishe majina haya neno kwa neno. Ukimwita mama wa Kiswahili "kiroboto wangu", hatasikia upendo, atajikagua nguo. Upendo haumo katika neno, umo katika mazoea ya wanaolitumia. Kila lugha ina mazoea yake, na mgeni hujifunza kwa kusikiliza muda mrefu kabla ya kuthubutu.

Onyo la pili ni zito zaidi. Neno *gros* analoitwa mwembamba na rafiki zake ni mchezo. Neno hilo hilo, akiambiwa mtoto mnene na wenzake asiowachagua, kila asubuhi, mbele ya darasa zima, si mchezo tena. Herufi hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni idhini. Kifaransa kina vitenzi viwili vya kutusaidia hapa: *taquiner*, kumchokoza mtu kwa wema, na *se moquer*, kumfanyia mtu dhihaka. Anayedhihaki hupenda kujificha nyuma ya kitenzi cha kwanza. Husema, *"C'est pour rire"*, ni kwa kucheka tu, kama vile kwetu asemavyo, "Ninatania tu." Lakini anayejua kama ni utani si msemaji. Ni msemwa.

Wafaransa hawakuliacha jambo hili katika adabu peke yake. Sheria ya tarehe 2 Machi 2022 iliufanya unyanyasaji wa shuleni kuwa kosa la jinai linalojitegemea. Inagusa maneno na vitendo vinavyorudiwarudiwa hadi vikaharibu maisha ya mwanafunzi. Kikomo cha adhabu huanzia kifungo cha miaka 3 na faini ya yuro 45,000. Pale mnyanyaswaji anapojiua au kujaribu kujiua, hufika miaka 10 na yuro 150,000, ingawa wakosaji walio watoto hupunguziwa. Bunge haliwezi kutunga sheria ya namna hiyo kwa sababu ya vicheko. Liliitunga kwa sababu kuna watoto waliokuwa wakilia nyumbani wakati wenzao wakisema wanacheka pamoja nao. Wahenga wetu walikwisha kuonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Sasa turudi katika Kiswahili, nikuoneshe hazina uliyo nayo. Tazama kitenzi *kutaniana*. Kiambishi *-ana* kinadai watu wawili, kila mmoja akitenda na kutendwa. Na nomino *mtani* ni hivyo hivyo: nikisema wewe ni mtani wangu, nimekiri papo hapo kwamba mimi ni mtani wako, na kwamba zamu yako inakuja. Huko Tanzania utani huu hufungamanisha hata makabila, kama Wapare na Wachaga, na mtani anayekukejeli leo ndiye atakayekuja msibani kwako kufanya kazi na kuwachekesha waliofiwa. Haki ya kutania inakwenda pamoja na wajibu wa kusaidia. Rafiki wa Kifaransa hakurithi utani wake kwa kabila, lakini sharti ni lile lile: anayekuita *mon vieux* awe tayari kuitwa vivyo hivyo, na awepo siku ya shida.

Basi pima kila jina la utani kwa maswali matatu. Je, mwenyewe naye aweza kunitania? Je, ningelitamka mbele ya mama yake? Je, akiniomba niliache, nitaliacha leo hii, bila kumwambia kuwa hana ucheshi? Jina likishindwa hata swali moja, si utani. Ni dhihaka iliyovaa nguo za kuazima.

Kazi yako ya juma hili ni fupi. Mtafute rafiki mmoja uliyempa jina, mkiwa wawili tu, umwulize kama analipenda. Kisha nyamaza, umwachie nafasi ya kujibu kweli.