Ukuta Uliotusikilizia Breki

Zamani gari lilisikika kabla ya kuonekana. Peugeot 504 ya baba, ile steshenwagoni ya viti safu tatu ambayo Mombasa nzima iliiita Pijo, ilipokata kona ya mtaa wetu Changamwe jioni ilitoa mlio mwembamba kama filimbi ya bati, na mama, akiwa uani anapepea jiko la makaa, alisema bila kuinua kichwa: "Babako huyo, na breki za nyuma zataka kutazamwa." Siku hizi hufika nyumbani, watu wakashtukia niko sebuleni.

Baba aliipenda Pijo kwa moyo wote. Pasaka ya 1978, Mfaransa Jean-Pierre Nicolas aliposhinda Safari Rally kwa 504, majirani walikuja kumpa baba mkono wa pongezi. Lakini mapenzi yake hasa yalionekana Jumapili, baada ya chai ya tangawizi na mahamri, aliponipandisha kiti cha mbele tukaenda kwenye ukuta mrefu wa godauni, ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa. Aliteremsha vioo vyote, akaendesha mwendo wa kinyonga kandokando ya ukuta, akikanyaga breki kidogo kidogo, kisha akageuza gari ili ukuta uwe upande wa pili, na sauti ikagonga mawe na kuturudia sikioni mpaka tukajua ni gurudumu lipi linalolia. "Usitazame," aliniambia. "Sikiliza."

Akanifundisha. Mlio wa asubuhi unaokwisha baada ya kukanyaga mara tatu au nne ni kutu ya usiku, umande wenye chumvi ya bahari, usijisumbue nao. Mlio mkali unaokuja kila ukikanyaga ni uso wa pedi au wa kiatu cha breki uliokula joto ukang'aa kama kioo. Ukisikia kwaru kwaru, chuma kwa chuma, hapo mwendo umekwisha, weka gari kando.

Tukirudi, kazi ilikuwa chini ya mwembe. Mawe ya kuzuia magurudumu, jeki, kisha magogo mawili chini ya ekseli, maana baba hakuwahi kuiamini jeki peke yake. Nati zilikaa ndani ya kopo la Blue Band. Magurudumu ya nyuma yalikuwa na ngoma, na ngoma ikikataa kutoka aliizungukia kwa nyundo ya mbao, akiigonga taratibu hadi ikaachia. Ndipo alipoitazama, akanitazama, akasema: "Haya, puliza."

Kupuliza ilikuwa kazi yangu. Nilijaza kifua, nikainama, nikapuliza, na vumbi la kijivu likapanda kama unga wa mahindi, likanijaa puani na kwenye kope, na baba akacheka akanifuta uso kwa pindo la kikoi chake. Kisha alisugua viatu kwa msasa mpaka mng'ao ukatoka, akalaza kingo zake kwa tupa, akagusisha grisi kidogo pale kiatu kinaposuguana na bamba la nyuma. Katika utoto wangu wote sikumbuki kazi iliyonifanya nijione mtu mzima kama ile ya kupuliza.

Vumbi lile lilikuwa na asbestosi. Ndiyo iliyochanganywa katika breki za enzi zile, kwa sababu hustahimili joto na msuguano. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbestosi husababisha saratani. Baba hakujua. Aliniachia sehemu tamu kuliko zote.

Mwezi uliopita Toyota yangu ilianza kulia, mlio mwembamba usiokatika hata mguu ukiwa mbali na breki. Sikuhitaji ukuta. Pedi za sasa zina kibati cha chuma kilichowekwa makusudi, ili kiguse diski gamba likibaki kama milimita 2. Gari lenyewe hukwambia. Ni jambo jema. Nikikumbuka mteremko wa Mazeras na malori yaliyoteremka yakinuka breki zilizoungua, silionei haya jambo hilo jema.

Nilifungua gurudumu la mbele pamoja na binti yangu. Alipoona vumbi jeusi kwenye kalipa akainama, akavuta pumzi. Nilimshika bega kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Kwani nini, Baba?" Nikamweleza yote, na habari za mwembe. Tulivaa barakoa, tukalowesha vumbi kwa maji na kulipangusa kwa kitambaa kibichi, ingawa boksi la pedi mpya limeandikwa kwamba hazina asbestosi. Pini za kalipa zilikuwa kavu, tukazipaka grisi. Nyuma ya pedi tukapaka ile isiyoyeyuka kwa joto. Usoni hata tone lisifike. Kabla ya kuondoka binti yangu alikanyaga pedali mara nyingi mpaka ikawa ngumu.

Kilichopotea ni sikio. Vioo viko juu, kiyoyozi kinavuma, redio inaimba. Jirani yangu aliendesha wiki kadhaa kibati kikimlilia, asisikie, mpaka chuma kikachimba diski zote mbili za mbele. Onyo lipo, wa kulipokea hayupo.

Kwa hiyo Jumapili nilimpeleka binti yangu ukutani. Chokaa imebanduka na malori yameegeshwa nusu ya njia, lakini mawe ni yaleyale. Tukazima kiyoyozi na redio, tukateremsha vioo, nikaendesha mwendo wa kinyonga, nikikanyaga kidogo kidogo. Binti yangu alifumba macho. Ukuta ulirudisha sauti ya matairi tu juu ya mchanga, kisha nikageuza gari, ukarudisha ileile.

"Sijasikia kitu," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa," nikamjibu. Nikageuza tena, tukapita mara ya tatu.