Dhahabu kwa Z

Imla ilikuwa ya maneno kumi, na neno la saba lilikuwa mahari. Darasa zima la tatu, watoto karibu tisini, wakaandika mahali. Mwalimu alisahihisha rundo hilo kwa hasira mpaka alipomwita mvulana mmoja wa dawati la mbele amweleze amekosaje neno jepesi hivyo.

"Mwalimu, si ulisema mahali?"

Mwalimu akaenda nyuma ya darasa, akalitamka neno peke yake. Mtoto hakukosea. Mwalimu ni Msukuma wa Sengerema, na tangu aanze kusema r yake ilikuwa l. Watoto wale wote walikuwa wamepata. Aliyekosa ndiye aliyeshika kalamu nyekundu.

Anayeandika haya anamjua mwalimu huyo kupita kiasi: walizaliwa siku moja na wanavaa miwani moja.

Hiyo ilikuwa 2002, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) umeanza, ada imefutwa, watoto wa kila umri wamemiminika shuleni. Kwa darasa la namna ile imla ilikuwa dawa ya kelele: kosa moja, kiboko kimoja. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo na hakuwahi kuuliza kiboko kinamsaidiaje mtu asiyesikia tofauti.

Alinunua kioo kidogo cha kunyolea. Kwenye l, ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu na kutulia hapo. Kwenye r huachiwa itetemeke. Kulielewa jambo hili ni dakika tano. Kulitenda kulimchukua likizo nzima ya Juni, akiunguruma jikoni kama pikipiki isiyotaka kuwaka, na mumewe akihamishia redio yake uani.

Kioo kile ndicho kilichozaa michezo. Wa kwanza aliuita Nyoka na Nyuki. Mtoto anaweka vidole kooni: akitoa sss ya nyoka koo limetulia, akitoa zzz ya nyuki linatetemeka. Kisha ulimi unachungulia katikati ya meno, na sauti zilezile zinageuka: nyoka anakuwa th, nyuki anakuwa dh. Mwalimu anatamka, nusu ya darasa inaonyesha kwa mwili wake alichosikia, nusu nyingine inaandika mavumbini kwa kijiti. Thamani na samani. Dhana na zana. Wilaya ile ilichimba dhahabu usiku na mchana, na watoto wa wachimbaji waliiandika zahabu mpaka walipoanza kutoa ndimi nje na kuchekana.

Mchezo wa kunong'onezana ulipendwa zaidi. Neno linaanzia nyuma ya mstari, linapita sikio kwa sikio, na wa mwisho anakimbia kuliandika ubaoni. Mwaka 2005, wa uchaguzi mkuu, kura iliondoka nyuma ikafika ubaoni kula. (Mwaka ule hata watu wazima wengine hawakuona tofauti.) Utamu ulikuwa katika upelelezi: mstari unarudiwa, kila mtoto anasema alichosikia, mpaka apatikane aliyeigeuza r. Hachapwi. Anapewa kioo.

Kupiga makofi kwa silabi kulimfundisha mwalimu jambo ambalo chuo hakikumfundisha. Siku moja alisema mbuni. Upande mmoja ulipiga makofi mawili, mwingine matatu, wakaanza kuzozana. Wa kwanza walifikiria ndege, mbu-ni. Wa pili walifikiria mti wa kahawa, m-bu-ni, kwa kuwa m ya mti inasimama peke yake. Herufi ni zilezile, na masikio yao yalikuwa yamepata kitu ambacho maandishi hayakionyeshi. Aliandika maneno yote mawili ubaoni, akakaa kimya.

Kwa ng' hakuwa na kazi ya kutamkisha, maana Kisukuma kimejaa sauti hiyo. Tabu ilikuwa ritifaa, ambayo watoto waliisahau mpaka mmoja alipoibatiza pembe. Tangu hapo aliyeandika ng'ombe bila ritifaa aliambiwa ng'ombe wake amekatwa pembe.

Mwaka 2015 ulipokuja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, uliojikita katika KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na kutilia mkazo sauti za herufi, wenzake walilalamikia semina. Yeye alifika na kioo chake mkobani.

Amestaafu sasa. R bado inamtoroka akikasirika. Juzi ililetwa posa ya mtoto wa dada yake, na barua ya mshenga ikataja, kwa mwandiko mzuri sana, "mahali ng'ombe kumi na wawili". Alifungua mkoba kutafuta kalamu nyekundu. Dada yake akamkanyaga mguu chini ya meza.