Moshi wa Jioni, Vumbi la Julai

Ukiniuliza hewa ya Kayna ilikuwaje tulipokuwa watoto, wakati nchi bado inaitwa Zaire, nitakuuliza kwanza: mwezi gani? Maana Julai na Novemba hazikuwa na hewa moja hata kidogo.

Kayna iko juu, kwenye ukingo wa bonde la ufa. Ukitoka Goma unavuka uwanda wa Rwindi katikati ya Hifadhi ya Virunga, joto linakubana, kisha gari linapanda mteremko wa Kabasha, kona baada ya kona, hadi Kanyabayonga. Hapo kila abiria anatafuta sweta. Mbele kidogo ndiyo kwetu. Ziwa Edward liko chini kabisa upande wa mashariki, kwenye mita 900 hivi. Jua likishapasha miteremko, upepo ulipanda kutoka huko bondeni, na wakati nyasi za uwandani zinaungua ulitujia na harufu yake, pamoja na majivu meusi mepesi yaliyotua juu ya nguo zilizoanikwa. Mama aliyaona kabla yetu. "Anueni nguo, watoto!" Tulikimbia, lakini shuka jeupe halikupona.

Na vumbi! Vumbi letu ni jekundu. Lori la kwenda Butembo ulilisikia likiguna konani kabla hujaliona, kisha wingu jekundu likapanda juu ya karitusi, kisha honi. Tulivuta fulana hadi puani na kusimama pembeni tumefumba macho, tukihesabu hadi vumbi litue. Maharage na migomba ya kando ya barabara ilibaki myekundu mpaka mvua za kwanza, karibu na Septemba. Siku ile watu waliacha kazi wakatoka barazani kunusa tu. Sijui manukato yanayoishinda harufu ile ya udongo uliokunywa maji. Miezi iliyofuata ilikuwa ya ukungu na moshi wa kuni mbichi, na macho ya akina mama jikoni yalikuwa mekundu tangu alfajiri.

Nilipopelekwa kusoma Butembo nilidhani nimeiacha hewa ya kwetu. Njiani, kati ya Lubero na Butembo, unavuka mstari wa ikweta bila kuuona. Ndiyo sababu sisi wa huku tunapata mvua mara mbili kwa mwaka na kiangazi mara mbili. Butembo nayo iko juu, zaidi ya mita 1,700, lakini mji wenyewe umekaa juu ya vilima na mabondeni, na mto Kimemi unapita katikati. Asubuhi za kiangazi tulishuka kilimani kwenda shule na kuiona ile blanketi ya moshi wa makaa imelala bondeni, ya samawati, imenyooka juu kabisa. Tuliingia ndani yake tukikohoa. Mwalimu wetu alitueleza: usiku hewa baridi ni nzito, inateremka na kujaa bondeni, na hewa yenye joto inakaa juu yake, basi moshi unakosa njia ya kupanda. "Ngojeni saa tatu," alisema, "jua litaufungulia." Tulingoja, na kweli ukafunguka. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi ukapanda kilimani, uliweza kuona theluji ya Ruwenzori upande wa Beni, iking'aa!

Vijana wanasema sisi wazee tunapamba ya zamani. Sipambi. Jiko la mama lilijaa moshi, na kikohozi kile alikwenda nacho hadi uzeeni. Lakini moshi wa wakati ule ulikuwa wa kuni na nyasi. Leo bondeni mwa Kimemi kuna pikipiki za kubeba abiria, jenereta, tanuri za matofali, na jioni mifuko ya plastiki inaungua kwenye majalala, ingawa serikali iliipiga marufuku mwishoni mwa 2017. Hata saa tatu ikifika, siku nyingine blanketi haifunguki.

Mwishoni mwa Juni 2024, waasi wa M23 walipochukua Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, ilikuwa kiangazi. Ndugu zetu walifika Butembo na magodoro kichwani, nyusi nyekundu. Nilimnawisha mjukuu wa dada yangu uso, maji ya beseni yakawa na rangi ile ile ya barabara ya utoto wangu. Nililia, sikuona haya.

Vita siwezi kuizuia, wala barabara siwezi kuitia lami. Lakini wewe unayeishi bondeni, jirani yangu, nakuomba: takataka usizichome jioni. Moshi wa jioni hauendi popote. Watoto wako wanalala nao mpaka saa tatu ya kesho.